Mashua ya Mvuvi Ikipwelewa, Nani Huitwa?

Kwa miaka kadhaa sasa masikio yetu yamezoea kusikia habari za uchumi wa buluu. Mnamo tarehe 26 hadi 28 Novemba 2018, wajumbe kutoka pembe zote za dunia walikusanyika jijini Nairobi kujadili namna binadamu anavyoweza kunufaika na bahari, maziwa na mito bila ya kuviharibu. Mwaka 2020 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliunda wizara nzima yenye jina hilo. Bandari zimetajwa, meli kubwa za uvuvi zimetajwa, mafuta na gesi yaliyo chini ya sakafu ya bahari yametajwa. Katika mazungumzo hayo yote, aghalabu hasikiki mtu mmoja: mvuvi mwenye mashua moja ya mbao, ambaye ameamka alfajiri akaikuta imelala ubavu juu ya mchanga, maji yako mbali, naye hajui amwite nani.

Huenda msomaji wa hapa Gatitu, au wa Karatina na Nanyuki, akauliza jambo hili linatuhusu nini sisi tunaoishi chini ya Mlima Kenya, zaidi ya kilomita 600 kutoka ufuo wa Bahari Hindi. Samaki tunaowajua kwa karibu ni wale wa vidimbwi na trauti wa Kiganjo, na hao hawavuliwi kwa mashua. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba linatuhusu kwa sababu ya lugha tunayoifundisha kila siku darasani, na pia kwa sababu ya sheria zinazotungwa kwa jina letu sote. Nitaanza na lugha, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Mwalimu wa Kiswahili katika shule yoyote ya Nyeri humwambia mwanafunzi kwamba mambo yake yamekwenda mrama, asikumbuke kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo kinapopigwa na mawimbi ubavuni. Mwanafunzi naye huandika katika insha yake kwamba mwalimu mkuu mpya ameshika usukani, kwamba mpango fulani umegonga mwamba, na kwamba mjomba aliyekuja kuwatembelea alitia nanga nyumbani kwao kwa wiki mbili. Hata wito wetu wa taifa, harambee, ambao Mzee Jomo Kenyatta alituitia mwaka 1963 na ambao umechorwa katika ngao ya nchi, ni sauti ya watu wanaovuta kitu kizito kwa pamoja. Sisi wa bara tuliupokea wito huo ukiwa umekwisha kuvuliwa kamba na magogo, ukabaki bahasha, mgeni wa heshima na hotuba.

Lakini lugha ya watu wa pwani haikuumbwa ili iwape watahiniwa tamathali za kupambia insha. Ni lugha ya kazi, na katika kazi ya kuokoa chombo kilichoachwa ufukoni ina uchambuzi ambao wataalamu wengi wangeuonea wivu. Mtu akija mbio kutoka ufuoni kuleta habari kwamba chombo kimefikwa na balaa, kitenzi atakachokitumia kinatosha kumwambia msikilizaji aje na vifaa gani, na aje lini.

Akisema chombo kimepwelewa, kitenzi chenyewe kimetokana na kupwa, yaani maji kurudi nyuma na kuacha nchi kavu. Ni mzizi uleule uliotupa neno pwani, mahali ambapo maji hupwa. Ongeza viambishi vya kutendea na cha kutendwa, nawe utapata kupwelewa: kuachwa na maji yaliyopwa. Mtendaji hapo ni maji, na chombo kimetendwa. Kamusi iliyotayarishwa chini ya Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939 inalo neno hilo, pamoja na matumizi yake kwa mtu aliyepwewa na sauti, yaani aliyekaukiwa na koo hata maneno hayatoki. Akisema chombo kimekwama, habari ni nyingine: kimeshikwa na kitu, pengine tope, pengine fungu la mchanga, pengine mizizi ya mikoko, na huenda maji yapo lakini hayakitoshi. Akisema kimepanda mwamba, wasikilizaji hujua kwamba kuna mbao zilizopasuka, na yamkini kuna nahodha wa kuulizwa maswali. Akisema kimetupwa pwani, basi mawimbi ya dhoruba yamekibeba na kukipitisha pale ambapo maji ya kila siku hufika, na kungoja maji yakifuate huko ni kungoja bure.

Maneno manne, na kila neno lina dawa yake. Aliyepwelewa hungoja kwa hesabu. Aliyekwama hupakua na kuchimba. Aliyepanda mwamba huziba kabla ya kusukuma, la sivyo atakuwa anakisukuma chombo chake kwenda kuzama. Aliyetupwa hutafuta watu wengi na magogo. Tunapoyapanga maneno haya ubaoni kama visawe, tukamwambia mwanafunzi achague lolote, tunatupa ile sehemu ya maana iliyomfaa aliyeyabuni.

Tuangalie kwa karibu hilo la kupwelewa, maana ndilo linalotokea mara nyingi na ndilo lenye elimu nyingi. Katika pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda unaozidi siku moja kidogo. Kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, na ndiyo maana kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama, na vilevile baada ya mwezi mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na huko Mombasa tofauti baina ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita 4. Kati ya bamvua mbili huwapo maji mafu, ambayo hujaa kidogo na kupwa kidogo. Wavuvi wa Bahari ya Mediterania, ambako mahali pengi tofauti hiyo haifiki hata mita 1, hawana adha hii wala hawana neema yake, kwa kuwa maji yaliyokiacha chombo ndiyo yatakayokuja kukichukua.

Neema hiyo, hata hivyo, ina tarehe. Mashua iliyopwelewa wakati wa maji mafu haimkoseshi mwenyewe usingizi, kwani kila siku inayofuata maji yatapanda juu zaidi kuliko jana, na baada ya siku mbili tatu itaelea. Mashua iliyopwelewa katika kilele cha bamvua ni msiba. Maji ya kesho hayataifikia, ya keshokutwa yataishia mbali zaidi, na mwenyewe hana budi kungoja karibu siku 15 hadi bamvua nyingine. Ikiwa ilikuwa bamvua kuu ya miezi ya Machi au Septemba, wakati jua linapokuwa juu ya ikweta, basi huenda hata hiyo inayofuata isiifikie, na mashua ikakaa nchi kavu kwa miezi. Katika muda huo jua hukausha mbao, viungo hufunguka, mchanga hujaa ndani, na vitu vidogo vidogo huanza kuondoka usiku kimoja kimoja. Ndiyo maana mzee wa ufuoni akiitwa kuitazama mashua kama hiyo, swali lake la kwanza halihusu idadi ya watu waliopo wala urefu wa kamba. Huuliza mwezi una siku ngapi.

Kazi yenyewe huanza kwa kuupunguza uzito: nyavu, samaki, mashine, nanga, na farumi ikiwa ipo, vyote hushushwa. Kisha chombo hutiwa gadi, yaani nguzo za kukitegemeza pande zote mbili ili kisilale ubavu na kuvunja mataruma yake. Mchanga huchimbwa kuuzunguka mkuku na kufunguliwa njia ya kuelekea majini. Nanga hupelekwa mbali upande wa kilindi ikiwa na amari ndefu, ili maji yatakapofika watu wavute kutoka ndani ya chombo chenyewe. Wakati wa kungoja si wakati wa kukaa bure: viungo vilivyofunguka hukalafatiwa kwa pamba, na mbao hupakwa sifa au deheni. Maji yanapoanza kuingia chini ya mkuku, chombo hutikiswa kushoto na kulia ili mchanga uliokishika uachie, na omo huelekezwa kwenye mawimbi. Hapo ndipo wito wa kuvuta hutolewa, na hutolewa na mtu mmoja tu, kwa sababu watu ishirini wakivuta kila mmoja kwa wakati wake hawana nguvu ya watu watano.

Niseme neno kuhusu trekta. Siku hizi mwenye pesa kidogo akiona chombo chake kimekaa, humtafuta mwenye trekta au lori. Mashua ya mbao haikuundwa ivutwe kwa ncha moja juu ya mchanga mkavu. Mkuku na mbao za chini zilikusudiwa kubebwa na maji kotekote, na ukifunga kamba katika ubao wa omo na kuvuta kwa nguvu ya mashine, unaweza kurudi na ubao peke yake. Si kwamba mashine ni mbaya. Ni kwamba aliye nyuma ya usukani wake mara nyingi hajui jina la kitu alichokifungia kamba.

Ujuzi huu unahitaji watu, na watu wanahitaji njia. Hapa pana jambo ambalo limelalamikiwa mara nyingi na wavuvi wa pwani ya Kenya, kwamba viwanja vya kuteremshia samaki vimenyakuliwa na njia za kufikia bahari zimezibwa kwa kuta. Mashua iliyotupwa ufukoni mbele ya ukuta wa mtu haiwezi kufikiwa na majirani arobaini wenye magogo. Dhoruba nazo hazipungui. Kimbunga Hidaya kilipoingia pwani ya Tanzania karibu na Mafia mnamo tarehe 4 Mei 2024, wavuvi wa Kenya nao walikwisha kuonywa wasitoke. Onyo humwokoa mvuvi. Chombo chake kilichofungwa ufuoni hakina masikio.

Sasa tuje kwenye sheria. Bunge letu lilipitisha Sheria ya Meli za Biashara mwaka 2009, na ndani yake imo sehemu inayohusu mabaki ya vyombo na uokoaji wa mali baharini. Sheria hiyo inamtambua afisa wa kupokea mabaki, na inamtaka mtu aliyeyapata atoe taarifa badala ya kuyafanya yake. Haya si mambo madogo kwa mvuvi. Mashua ikikatika kamba usiku ikaenda kutupwa katika ufuo wa kijiji kingine, mwenyewe bado ni mwenyewe. Na kijana anayeifungua mashine yake na kuiuza kwa kuwa ameiokota anatenda kosa. Lakini ni wavuvi wangapi wa Kipini au Vanga wanaojua kwamba sheria hiyo ipo, seuze kuisoma? Imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni kile cha mawakili wa bahari, ambacho hata mwenye shahada hukisoma akiwa na kamusi mkononi.

Kuna la kustaajabisha zaidi. Mkataba wa kimataifa unaohusu kuondolewa kwa mabaki ya meli duniani kote una jina la mji wetu mkuu. Ulipitishwa Nairobi, katika ofisi za Umoja wa Mataifa, tarehe 18 Mei 2007, na ukaanza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Nahodha wa meli ya mizigo huko Rotterdam au Singapore, ambaye hajapata kukanyaga Kenya, hulitaja jina la Nairobi kila anapokaguliwa hati za bima. Mkataba huo unaipa nchi ya pwani uwezo wa kumdai mwenye meli gharama za kuyaondoa mabaki yanayohatarisha usafiri au mazingira, na unazilazimisha meli za tani 300 na zaidi ziwe na bima au dhamana ya kulipia gharama hizo. (Tani hizo, nieleze kwa faida ya wanafunzi, ni kipimo cha ujazo wa meli, si cha uzani wake.) Mashua ya mvuvi haikaribii kipimo hicho hata kidogo. Isitoshe, mashua iliyolala mchangani haihatarishi meli ya mtu yeyote. Hatari yake ni kwa karo ya watoto wa mwenyewe, na hatari ya namna hiyo haimo katika mkataba.

Simlaumu aliyeuandika. Mkataba ulikusudiwa kutatua tatizo la meli kubwa, na umelitatua kwa kiasi kikubwa. Wala Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989 uliopitishwa London hauna kasoro ninayotaka kuishikilia hapa. Msingi wake wa zamani ni kwamba aokoaye mali hulipwa tu ikiwa ameiokoa, na malipo yake hayawezi kuzidi thamani ya kilichookolewa. Anayeokolewa uhai hadaiwi kitu. Ni kanuni ya busara kwa kampuni yenye tagi na wapiga mbizi. Hata hivyo, tazama inavyokuwa ikiteremshwa hadi kwenye mashua ya mbao yenye mashine kuukuu. Thamani ya kilichookolewa ni ndogo mno, kwa hiyo hakuna kampuni itakayokuja. Wenye bima ni wachache mno, kwa hiyo hakuna wakala atakayekuja. Wanaokuja ni majirani, na hao huja bila ya mkataba, kwa kitoweo au kwa shukrani, kwa sababu kesho zamu itakuwa yao. Utaratibu huu umefanya kazi kwa karne nyingi, na watungaji wa sera wamezoea kuuhesabu kama hewa, kitu kisicho na gharama wala mwenyewe.

Gharama yake huonekana pale ambapo mambo yamegeuka, mwokoaji akawa mvuvi na muokolewa akawa taifa. Mnamo tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya kampuni ya Precision Air iliyokuwa na watu 43 ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 24 waliokolewa na 19 wakafa. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi, kwa vyombo vyao vidogo na makasia yao, na dunia nzima ikaona picha za umati wa watu wakiivuta ndege kwa kamba kuelekea nchi kavu. Ndivyo inavyovutwa mashua. Hawakuwa wamefunzwa popote kuokoa ndege, walifanya walichokijua.

Na pale ambapo ujuzi wa chombo ulikosekana, historia ya ziwa hilohilo ina ukurasa mchungu. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia Mwanza. Sehemu ya tumbo lake ilibaki juu ya maji, na ndani yake mlikuwa na watu walio hai. Tundu likakatwa ili watolewe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, na meli ikazama na mamia ya watu. Nia ilikuwa njema kabisa. Mtu anayejua ni kitu gani kinachokieleza chombo, yaani kukifanya kielee, angesita kabla ya kutoboa. Nimelitumia neno kueleza kwa makusudi. Wanaisimu tunaweza kubishana hadi jioni ikiwa kuelea kwa chombo na kuelea kwa maana akilini ni mzizi mmoja au miwili iliyogongana, lakini siku ile mambo hayo mawili yalikuwa jambo moja.

Kwetu Kenya tunakumbuka Likoni. Gari lilipoteleza kutoka kivuko cha MV Harambee tarehe 29 Septemba 2019 likazama na mama na binti yake, taifa lilikaa mbele ya televisheni hadi tarehe 11 Oktoba ndipo lilipoopolewa. Kina cha maji ni kirefu pale na mkondo ni mkali. Sidai kwamba kazi ilikuwa rahisi. Ninachosema ni kwamba Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilikuwa kimeundwa kwa sheria mwaka uliotangulia, na kazi mojawapo kiliyopewa ni kutafuta na kuokoa. Kikosi hicho kinawahitaji wavuvi kama macho na mikono yake ya kwanza katika kila ghuba na kila kisiwa. Mvuvi aliyepoteza mashua yake mchangani kwa kukosa msaada wa asubuhi moja ni jicho na mkono uliokatwa.

Kwa maoni yangu, pa kuanzia ni pale palipo na watu tayari. Vikundi vya usimamizi wa fuo vilianzishwa kwa kanuni za mwaka 2007, na vipo baharini na ziwani. Kazi yake imekuwa kuandikisha vyombo, kutunza mahali pa kuteremshia samaki na kuhesabu kinachovuliwa, yaani mambo ambayo serikali inayataka kutoka kwa mvuvi. Sijui kwa nini isiwe pia kazi ya kikundi, kwa fedha za kaunti, kuweka akiba ya kamba imara, magogo, nguzo za gadi na puli za kuvutia, vitu ambavyo gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha moja ya hotelini kuhusu uchumi wa buluu. Na ufuo ambao kikundi hakina njia ya kuufikia usiitwe ufuo wa umma.

La lugha ni gumu zaidi kwa sababu linaonekana rahisi. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu hapo tumetafsiri katiba yenyewe na vijitabu vya kampeni, lakini sheria zinazomgusa mvuvi zimebaki zilivyo. Kazi hiyo ikija kufanywa, naomba isifanywe na sisi wa vyuo vikuu tuliojifungia chumbani. Nina hakika tungeunda maneno mapya marefu kwa vitu ambavyo vina majina mafupi tangu kale. Tungemwita afisa fulani mtaalamu wa utegemezaji wa vyombo vilivyokwama, na mvuvi angetuuliza kama tunamaanisha mtia gadi. Istilahi ya uokoaji wa vyombo iko Lamu, Pate, Malindi, Shimoni na Pemba, katika vinywa vya watu wanaozidi kuzeeka. Vijana wao wanajua majina ya sehemu za mashine ya mashua kwa Kiingereza cha gereji, na hilo si kosa lao. Boti ya plastiki haina cha kukalafatiwa, na neno lisilo na kazi hufa kimya.

Mtaala wetu wa sasa unasisitiza umilisi, yaani mwanafunzi aweze kutenda kwa kile alichojifunza. Mwalimu wa Gatitu hana ufuo wa kumpeleka mwanafunzi, lakini ana mwezi. Unaochomoza upande wa Mlima Kenya ndio huohuo unaovuta maji ya Lamu na Shimoni, na darasa linaweza kuuhesabu kwa mwezi mmoja tangu uandame, mwalimu wa jiografia na wa Kiswahili wakiwa pamoja kwa mara moja. Kisha waulizwe: mashua ya Shimoni imepwelewa mwezi ukiwa na siku 16, mwenyewe ana siku ngapi za kuikalafati kabla maji ya kuifikia hayajarudi? Na ingekuwa siku ya 23 je? Wale watakaojibu kwamba maji yatarudi baada ya saa 12 na dakika 25 watakuwa wamejua jiografia na kukosa mashua, na hapo ndipo somo litakapoanza kunoga.

Jibu kamili hutafutwa katika jedwali la maji linalotolewa na Halmashauri ya Bandari nchini, KPA, ambalo limeandikwa kwa Kiingereza. Lina tarakimu nyingi na maneno machache, kwa hiyo kulitafsiri ni kazi ya juma moja kwa kidato kimoja kilicho na mwalimu mvumilivu. Wakimaliza, nakala ipelekwe kwa kikundi cha ufuo kilicho Shimoni, nao watatwambia kama maneno tuliyoyachagua ndiyo wanayoyatumia.